Maneno ya Baba Mbele ya Watahini

Kila Jumamosi Bi Msomi alikwenda kwenye karakana ya makochi aliyoiacha marehemu baba yake, akakaa juu ya fremu isiyo na mto, akamtazama mdogo wake akivuta kitambaa na kukipigilia misumari. Hakuwa na la kusaidia. Mikono yake ilikuwa ya chaki, na siku aliposhika nyundo mdogo wake alimwambia, "Dada, weka chini kabla hujatupeleka hospitali." Wakacheka. Lakini Jumamosi hii alikuja na habari, na nyuma ya habari hiyo kulikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu ujana wake kama mwiba wa samaki.

Mtaani walimwita Bi Msomi kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wao kupata shahada, tena shahada ya lugha za kigeni na tamaduni zake. Mdogo wake walimwita Kasuku, na jina hilo halikuwa la kejeli. Bi Msomi alipoanza sekondari alirudi nyumbani na masomo ya Kifaransa, akayakariri kwa sauti karakanani huku baba yao akikata sponji. Mtoto yule, aliyekuwa bado na mapengo ya utotoni, akayarudia neno kwa neno, na lafudhi juu. Mkubwa alijifunza kwa jasho. Mdogo alidaka tu. Baba yao alikuwa akiweka mkasi chini na kusema, "Haya, semeni tena hicho cha puani!" Kisha alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kasuku alipofika sekondari, mwalimu pekee wa Kifaransa alikuwa amehamishwa na somo limefutwa. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Alimaliza shule, akaomba kujiunga na idara ya dada yake, akajibiwa kwamba sifa ya kwanza ya kujiunga ni kufaulu Kifaransa katika mtihani wa sekondari. Afaulu vipi somo ambalo shule yenyewe ililifuta? Nani alitunga kanuni ya kumwadhibu mtoto kwa uzembe wa wakubwa? Kanuni ya namna hiyo haipimi elimu hata kidogo. Ni komeo la mlangoni, na aliyelitia yuko ndani, ameshiba. Mzee alikwenda idarani akaomba binti yake asikilizwe tu, hata kwa muda mfupi. Karani alimjibu bila kuinua uso, "Mzee wangu, hapa tunasoma vyeti. Hatusikilizi watu."

Kumbe idara hiyohiyo ilikuwa na sharti jingine, la kuhitimu, na sharti hilo ndilo lililompa mzee nafasi. Hakuna aliyepewa shahada bila mtihani wa ukalimani. Mwanafunzi alitakiwa alete mzee wa familia yake asiyejua Kifaransa, mzee huyo azungumze na watahini juu ya kazi na maisha yake, naye mwanafunzi awafasirie wote. Watahini walikuwa wawili. Mmoja alikuwa profesa mgeni, mama wa makamo kutoka ng'ambo, ambaye hakujua hata salamu ya Kiswahili na ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Wa pili alikuwa mkuu wa idara, mwenyeji, aliyezijua lugha zote mbili.

Siku ya mtihani wa Bi Msomi, mzee alivaa koti la harusi yake, akaondoka na binti zake wote wawili. Bi Msomi alidhani mdogo wake anakwenda kuwasindikiza tu. Kasuku akabaki nje kwenye benchi, chini ya dirisha la chumba cha mtihani.

Ndani mambo yalianza vizuri. Profesa aliuliza kochi zuri hujulikanaje, mzee akajibu kwamba kochi ni kama mkwe, usilisifu siku ya kwanza. Bi Msomi akafasiri, profesa akaangua kicheko, na mwanafunzi akahisi shahada imeshatua mapajani mwake. Kisha profesa akauliza kama mzee ana neno lolote la kuwaambia watahini.

Mzee akasimama, akavua kofia.

"Mwanangu, mwambie mama huyu hivi. Mwambie nashukuru kwa huyu aliyesoma. Lakini ninaye mwingine, yuko hapo nje kwenye benchi. Cheti hana, maana shule haikumfundisha. Lugha yao anayo, na nisiwafiche, anampita huyu mkubwa wake. Siombi apewe kitu. Naomba asikilizwe dakika tano. Akishindwa, namrudisha karakanani na simsumbui mtu tena."

Mkuu wa idara, aliyeelewa kila neno, aliinamisha uso akaanza kufuta miwani. Profesa alimtazama Bi Msomi, akisubiri.

Hofu ndiyo iliyotangulia: watahini wangesema ameleta ombaomba badala ya mzee wa kuhojiwa. Hofu hiyo angeweza kujisamehe baadaye. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kidogo, kichungu, nacho kilikuwa lile neno la baba yake: anampita. Alikuwa ameitolea jasho lugha ile kwa miaka, na sasa, siku yake yenyewe, sifa ilikuwa inakwenda kwenye benchi. Akafungua kinywa akasema kwa Kifaransa kilichonyooka:

"Baba yangu anakishukuru chuo kwa heshima kubwa kiliyoipa familia yetu."

Profesa akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akamwinamia mzee. Mzee akaona amekubaliwa. Akageuka kuutazama mlango. Hakuna aliyeitwa.

Walipotoka, alimvuta binti yake kando. "Mbona maneno yangu yalikuwa marefu, yako yakawa mafupi?"

"Kifaransa kinabana, baba."

"Na mama yule amesemaje?"

"Amesema watalifikiria."

Mzee akaridhika. Kasuku alimfuta vumbi begani, akamwambia koti limempendeza, na njia nzima hakusema jingine.

Siku ya matokeo, mkuu wa idara alimpa Bi Msomi mkono. "Umeongoza darasa. Mkalimani mzuri hujua cha kuacha." Huyo ndiye aliyekabidhiwa mizani ya haki! Aliona wizi ukitendeka mezani pake, na badala ya kuuzuia akautunuku alama, kwa sababu uliinusuru kanuni yake.

Mzee alisubiri. Kila mtu mwenye tai alipopita karakanani, aliinua kichwa. Majirani walipomtania, alijibu, "Wasomi hufikiri polepole." Alikufa akiamini kwamba bado wanafikiri.

Bi Msomi akawa mhadhiri katika idara ileile, na katika kila kikao cha kupitia sifa za kujiunga alidai kanuni ile ifutwe. Wenzake walimwambia anataka kushusha viwango. Alizeeka akidai. Hatimaye, wiki hii, baraza lilikubali.

"Imefutwa," alimwambia mdogo wake Jumamosi hiyo. "Asiye na cheti sasa anasikilizwa. Uwe wa kwanza. Nitakupeleka mwenyewe."

Kasuku alitoa misumari mdomoni, akaipanga kwenye mkono wa kochi. "Dada yangu, Kifaransa kilishanitoka. Kimemomonyoka kama sponji ya zamani. Nimebakiwa na sentensi moja tu."

"Ipi?"

Kasuku akaisema, na lafudhi ikawa ileile ya mtoto mwenye mapengo: "Baba yangu anakishukuru chuo kwa heshima kubwa kiliyoipa familia yetu."

Bi Msomi alishika fremu aliyoikalia. "Ulisikia."

"Dirisha lilikuwa wazi."

"Na baba hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Mtoto mwenye shahada alikuwa naye mmoja tu. Nimnyang'anye na huyo?"

"Mdogo wangu, mimi..."

"Wako watoto kwenye shule zisizo na mwalimu mpaka leo," Kasuku alimkatiza. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mwenzake. "Wasikilize hao. Usiwafupishie." Akamtupia ncha ya kitambaa. "Haya, vuta huko kwako. Nyundo niachie mimi."

Bi Msomi akavuta kwa nguvu zake zote, na machozi yakadondokea kitambaa kipya cha kochi la mteja.