Tulivyosoma Katikati ya Maharage

Mawese yakianza kupata moto sufuriani, harufu yake hunirudisha Bangwe, jirani na Ujiji, hata nikiwa jikoni kwangu nimefunga madirisha. Nauona mteremko ule unaotazama ziwa, maharage yametanda, akina mama wameinama wakipalilia, na sisi watoto tunapaza sauti: a, e, i, o, u.

Tulikuwa wakimbizi. Mimi na mama tulivuka ziwa kutoka Kongo, tukapokewa na Mama Hadija, mjane wa Bangwe aliyekuwa na ardhi kubwa asiyoweza kuilima peke yake. "Nyie mna mikono, mimi nina udongo," alimwambia mama. Wakajiunga wanawake wengine, wenyeji na wakimbizi, Waislamu na Wakristo. Majembe yalikuwa ya wote, yakilala nyuma ya mlango wa Mama Hadija, na ole wake aliyerudisha jembe lina matope. Mavuno yaligawanywa: fungu la kila nyumba, fungu la mbegu, fungu la darasa. Hilo la darasa ndilo lililotupatia uji, na ndilo lililomlisha Mwalimu Elia, mkimbizi mwenzetu. Alitufundisha kando ya shamba, watoto wa Bangwe na wa ng'ambo pamoja, kwa ubao uliopakwa masizi na majani ya mihogo.

Mwenyekiti wa mtaa hakupenda. Alisema mahali pa wakimbizi ni kambini, na watoto wao wakasomee huko huko. Asubuhi moja alikuja na mgambo wawili. Wakauvunja ubao, wakamchukua Mwalimu Elia. Alipokuwa akishushwa mteremko aligeuka, akatuambia kwa ukali wake wa kila siku kwamba tumalizie sentensi.

Nilijua basi, shule imekwisha. Mama, aliyeishia darasa la nne kwetu, aliokota vipande vya ubao akampa Mama Hadija avifanye kuni. Kisha akatugeukia.

"Kesho mukuje. Bote."

Tukaja. Alituchuchumaza kati ya mistari ya maharage, kila mmoja na kijiti chake, tukaandika kwenye udongo. Alifundisha alichokijua, kwa Kiswahili cha kwao, hata darasa zima, pamoja na watoto waliozaliwa Ujiji, likawa linaandika "batoto" bila wasiwasi wowote.

Haukupita muda mwenyekiti akarudi na mgambo wake.

"Nilikataza shule hapa," alisema.

"Hakuna shule," mama alijibu. "Mwalimu mulimubeba."

"Na hawa watoto?"

"Banalima."

"Wanalima kwa vijiti?"

"Bangali badogo."

Akaonyesha maandishi kwa kidole. "Na haya?"

Mama Hadija alinyooka, jembe begani. "Matuta hayo, Mwenyekiti. Shamba langu. Matuta nalima nipendavyo."

Mgambo mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Hapo mwenyekiti akapandwa na hasira, akalisaga jina langu kwa kiatu. Nikaandika Riziki upya, pembeni ya kiatu, kabla hajainua mguu. Akafuta. Nikaandika tena. Mwenzangu wa kulia naye akaandika lake, na wa nyuma yake, na wa mstari wa pili. Akina mama waliacha kupalilia, wakasimama wanamtazama. Udongo ulikuwa mwingi kuliko viatu. Akaondoka akiapa kwamba atarudi.

Maharage yale tuliyavuna. Darasa liliendelea msimu baada ya msimu, mpaka shule ya jirani ilipokubali kutupokea, na mwalimu mkuu akapata kazi ya kutuondolea "batoto" vichwani. Mwalimu Elia hatukumwona tena.

Miaka ile niliamini mama hajui woga. Nilikuwa mtu mzima Mama Hadija aliponieleza kwa nini mama alivaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kila alipokwenda kutufundisha, hata jua likiwaka vipi. Alikuwa amejiandaa kuchukuliwa, awe na cha kujifunika huko atakakopelekwa. Mimi ningebaki kwa Mama Hadija, walishakubaliana. Kila asubuhi mama alitoka akijua huenda asirudi nyumbani, akafika shambani, akaokota kijiti, akauliza nani anakumbuka tulipoishia.