Nilivyo"okoa" kabati la vitabu la babu nikaua jibini za Mama

Wakuu, heshima zenu wote.

Nimesoma nyuzi za ndugu zetu wapenda vintage humu nikaona nisinyamaze. Haya ni ya kweli tupu, na mjinga wa habari hii ni mimi mwenyewe, msimtafute mwingine.

Kwetu ni Burungu, karibu na Kitchanga, Masisi. Ng'ombe, maziwa, jibini. Mimi nina kaduka Omate huko Walikale, nauzia wachimbaji betri na sabuni. Wateja wakiwa shimoni, mimi niko kwenye simu.

Huko kwenye simu ndiko nilikopata elimu ya juu. Video za mafundi wa Ulaya wanaofufua makabati ya vitabu ya kale! Miezi miwili tu, nikawa profesa.

Nikajua kwamba ya zamani yalikuwa marefu, milango ya kioo, kufuli, na taji la kuchongwa juu kama altare. Baadaye yakawa mafupi na mapana, vioo vya kusukuma, na pengo la kuweka redio, kisha televisheni. Ya leo hayana milango, hayana mgongo, na mara nyingi hayana vitabu. Yana taa za LED na ua la plastiki. Maendeleo hayo.

Sasa nikakumbuka: nyumbani tunalo la aina ile ya kwanza! Babu alikuwa katekista. Padri alipohama alimwachia kabati la libuyu, mbao nyekundu ngumu kweli.

Nikarudi Burungu likizo, nikalikuta kwenye nyumba ya maziwa. Vioo vimetolewa, umewekwa wavu wa kuzuia nzi. Kila rafu imejaa jibini. Mbao zimekuwa nyeusi kwa maji ya maziwa ya miaka yote hiyo.

Roho ya kitaalamu iliniuma, wakuu.

"Mama, hii iko antique! Bazungu banaitafuta!"

"Batafute," akasema. "Mimi niko natafuta nafasi ya kukaushia fromage."

Niwaambie tu, jibini hizo ndizo zilizonisomesha. Kuna Mama Furaha, mfanyabiashara wa Goma, huzifuata mwenyewe na haulizi bei mara mbili. Mama alikuwa amemwandalia mzigo mzima.

Mama akaenda kwenye matanga, siku nne. Mtaalamu nikapata nafasi.

Nikaenda Kitchanga kwa Papa Kambale, mtu wa Butembo, muuza samani. Nikachagua etajeri (rafu zisizo na milango) nyeupe ya mbao za kubandika, inateleza kama sahani.

"Kaka, ni ya kuweka nini?" akaniuliza.

"Fromage."

Akanitazama kidogo. "Mimi nauzishaka ya kuweka televizyo. Lakini wewe njo unajua."

Nikamhurumia, maskini. Hana exposure.

Nikahamishia jibini zote kwenye etajeri mpya. Kabati la babu nikalipiga msasa, nikalipaka vernis, ile dawa ya kung'arisha mbao, mara tatu, nikarudisha vioo, nikalisimamisha sebuleni. Nikalijaza maktaba yetu yote: Biblia, kitabu cha nyimbo, na mwongozo wa pikipiki.

Mama akarudi. Hakutazama sebuleni. Alienda moja kwa moja kugeuza jibini zake, maana hugeuzwa kila siku (video haikusema).

Chini zilikuwa zimelowa, zinanata, zinanuka. Rafu mbili za etajeri zimevimba kingo kama mandazi.

"Hii ubao hainywake maji," akasema taratibu. "Fromage inatokaka jasho. Ubao ya kweli njo inaipanguza."

Tukarudisha zilizopona kwenye kabati la babu. Wiki iliyofuata Mama Furaha akafika, akakata kipande, akaonja, akakitoa mdomoni kwa adabu.

"Mama, leo fromage yako inanuka meza mupya."

Akapanda gari, akaenda kununua kwa jirani. Hajarudi mpaka leo.

Nilingoja nigombezwe. Ningependa nigombezwe. Mama aliosha visu vyake, akakaa.

"Babu yako mwenyewe njo alitoa vitabu mule," akaniambia. "Nilikuwa bibi arusi mupya, sijui kitu. Akanionesha namna ya kupanga fromage. Ungeniuliza tu, mutoto wangu."

Nililia, wakuu. Mwanaume na ndevu zangu.

Nimenunua mbao mpya za libuyu. Mama anasema sawa, ila zitachukua miaka kuzoea jibini, na yeye miaka hiyo haioni mbele yake. Siku hizi anauza maziwa mabichi kwa vijana wa pikipiki. Bei wanapanga wao. Zamani alipanga yeye.

Kabati liko sebuleni, hata baada ya msasa bado linapendeza. Wageni wanalisifu, Mama anasema asante, halafu anatoka nje.

Nilichojifunza: kabla hujakiokoa kitu cha kale, muulize anayekitumia. Nilidhani limekufa kwa sababu halina vitabu, kumbe lilikuwa kazini kuliko mimi.

Kejeli leteni tu, nimezistahili. Lakini kama humu kuna fundi, naomba anijibu bila utani: vernis iliyozama kwenye libuyu inatolewaje hadi harufu iishe kabisa? Nimeshapiga msasa mara mbili. Kila asubuhi Mama anapita, anafungua mlango wa kabati, ananusa, anaufunga.