Choo cha Balozi na Mvua ya Masika

Watu wanasifu harufu ya mvua ya kwanza. Wajukuu zangu hukimbilia barazani, wanavuta pumzi kama wanaonusa pilau, "Bibi, njoo unuse!" Mimi? Ptuu! Mimi hubana pua na kitenge nikaingia ndani. Kwangu mvua ina harufu moja tu, na nitakusimulia kama umeshakula. Kama hujala, kula kwanza, urudi baadaye.

Nimezaliwa Kariakoo na kukulia hukohuko, miaka ile ya foleni za sukari na unga wa njano tuliouita yanga. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili hasa, vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna jiko na choo cha shimo. Choo kimoja, jamani, kwa vyumba sita! Mwenye nyumba alikuwa Mzee Sefu, na ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, basi kila mtu alimwita Balozi, hata mkewe. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Kanzu yake haikuwahi kuwa na doa, na kabla ya kukaa kitini lazima akipanguse na leso. Binti yake wa mwisho, Tatu, alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana.

Mwaka ule kipindupindu kiliingia mjini. Redio ilikisema asubuhi na jioni, na Balozi alikisema katikati. Alipita nyumba kwa nyumba na shati lake la kijani la chama, akigonga debe: "Chemsheni maji! Naweni mikono! Funikeni chakula! Nzi huyo unayemfukuza, ujue katoka chooni!" Sisi watoto tulimfuata nyuma tukiyarudia maneno yake mpaka tukayajua yote kwa moyo. Mama alikuwa anacheka, anasema tungeisoma hesabu hivyo tungekuwa madaktari.

Ila choo chenyewe, yarabi! Kilikuwa kimejaa. Sisemi kilikaribia kujaa, nasema kilijaa. Ukichuchumaa unaona mambo yanakuangalia. Funza weupe, wanene, walipanda ukutani, wengine wakavuka uani mpaka karibu na mafiga ya Mama. Nzi wa kijani walitoka mle wakaja kutua moja kwa moja kwenye mdomo wa mtoto aliyelala. Mimi nilijibana siku nzima hadi tumbo likawa gumu kama ngoma.

Siku moja Mama alimvaa Balozi pale ukumbini.

"Balozi, hivi kile choo umekiona? Jana funza kanipanda mguuni nasonga ugali!"

"Gari la kunyonya nimeliomba, Mama Siwema. Kila nikienda naambiwa njoo kesho. Leo wananiambia bovu, halina vipuri."

"Sasa sisi tufanyeje? Tuhamie juu ya bati? Mvua hiyo inakuja. Wenzako wote watafungua vyoo vyao, wewe tu ndiye utatulaza na mavi?"

Balozi alijipangusa uso na leso.

Mvua ikaja alasiri, ile mvua ya masika inayopiga bati mpaka watu mnaongea kwa ishara. Mama akatuingiza chumbani, akafunga mlango. Nilipochungulia kwenye ufa wa dirisha nilimwona Balozi uani, kanzu kaivua, kabaki na kaptula, anachimba na jembe ubavuni mwa choo. Wapangaji wanaume walikuwa wanamsaidia. Kwa wale wasiokulia Dar, huko ndiko kutapisha choo. Unangoja mvua kubwa, unatoboa shimo pembeni, na maji ya mvua yanakusombea kila kitu hadi mtaani. Mvua ikikatika, watu wanakunja uso na kuulizana, jamani, nini kinanuka?

Nilipogeuza jicho upande wa mtaani nikaiona barabara yetu ya mchanga imegeuka mto mweusi. Na vile vitu vyenyewe, samahani, vilielea, vikageuka huku na huku kama maandazi kwenye karai. Nyumba ya jirani nayo ilifungua, na ya ng'ambo nayo. Harufu ilipenya kwenye ufa ikakaa mdomoni mwangu kabisa, nikatapika kwenye ndoo ya Mama. Mpaka leo naisikia kwenye ulimi.

Sasa mto ule ulikwenda wapi? Ulishuka kona ya chini, kwenye bomba. Maji ya bomba enzi zile hayakuwa na nguvu ya kupanda, kwa hiyo watu walichimba shimo, wakalitoboa bomba huko chini, maji yakawa yanajikusanya shimoni nasi tunashuka kuyachota na kopo. Asubuhi tulikwenda na ndoo zetu kama kawaida. Tatu alikuwa na kiu, akanywa palepale.

"Leo maji mazito," alisema, akajifuta mdomo.

Kesho yake hakuweza kusimama. Yaliyomtoka, juu na chini, yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yakapita kwenye godoro la sufi yakadondoka sakafuni. Macho yakazama, vidole vikasinyaa kama vya mtu aliyefua kutwa. Alitaka kuniita jina, sauti haikutoka. Wapangaji walisimama mlangoni wameziba pua, hakuna aliyeingia. Balozi alimnyanyua mwanawe vilevile alivyolowa, akamkumbatia kwenye ile kanzu nyeupe, akamlaza kwenye mkokoteni wa sokoni na kuusukuma mwenyewe mpaka kwenye mahema ya wagonjwa. Huko alizuiwa mlangoni. Alirudi peke yake, akakaa kwenye kiti bila kukipangusa.

Bwana Afya akaja na chokaa na pampu ya dawa. Godoro la Tatu likachomwa moto. Akauliza, mtaa mzima ukiwa umejaa barazani, "Kuna mtu katapisha choo hapa?"

Watu wakaangaliana.

"Nauliza, kuna mtu katapisha choo?"

Mama yangu ndiye aliyejibu. "Hapana, baba. Itakuwa ule ukwaju wa Mama Chiku."

Mama Chiku alikuwa mgeni kutoka Lindi, akiuza maji ya ukwaju kwenye ndoo pale kona, kikombe kimoja kwa midomo yote. "Ukwaju, ukwaju!" wote wakadakia, na Balozi akatikisa kichwa kukubali. Ndoo yake ikamwagwa mchangani, kikombe kikapondwa na jiwe. Alilia, aliapa, hakuna aliyemsikiliza. Alihama juma lilelile.

Nami niliamini. Mtoto ungeamini nini kingine? Tatu alipona, Mungu mkubwa, akarudi kichwa kimenyolewa, miguu kama vijiti vya mishikaki. Nikamwapia kwamba sitagusa ukwaju maisha yangu yote. Mpaka nilipoolewa nilikuwa bado naukimbia.

Nilipokuwa mtu mzima nilijisemea kwamba wazee wetu hawakujua. Elimu ilikuwa ndogo, nikasema, gari lilikuwa bovu, wangefanyaje masikini? Gari lilikuwa bovu kweli, hilo nakubali. Lakini kutokujua? Hapo mwenyewe nimejikatalia, kwa sababu ya jambo moja.

Masika ya mwaka uliofuata, tulikuwa tumekaa chumbani, Mama, mimi na Tatu, tunacheza kete. Mvua ikaanza kupiga bati. Matone ya kwanza, mavumbi bado hayajalowa. Sijasikia jembe, sijanusa kitu. Tatu alikuwa anacheka, kanila kete mbili.

Mama akainuka, akafunga dirisha, akachukua kanga yake akaisokomeza kwenye ufa wote, juu mpaka chini. Kisha akamwambia Tatu, kwa sauti ya upole kabisa, "Kesho usiende bombani, mwanangu. Nimeshakuwekea maji mtungini."