Rangi Niliyopaka Tela

Jumatano usiku, Kibiti. Asubuhi kulikuwa na manyunyu.

Leo nusura mume wangu aingie barabarani na tela lisilo na taa.

Alikuwa anapeleka boti Mbuchi, kurudi ni giza. Kila akikanyaga breki, indiketa ya tela ndiyo inamulika.

"Baba Neema, nyaya umezichanganya," nikamwambia.

Akazifungua mara tatu. Hali ileile. Jasho linamtoka.

Nikafungua shajara yangu. Jumamosi: "Nimepaka tela rangi nzito, chumvi isile chuma."

Hapo nikaelewa. Waya wa ethi, unaogusa chuma ili umeme urudi, niliufungua mwenyewe, nikaurudishia juu ya rangi. Umeme utapita wapi?

Nikakwangua rangi kwa kisu, nikaufunga waya kwenye chuma kitupu. Taa ya breki ikawaka.

"Kumbe fundi wa kuzima taa naishi naye," akasema, akaondoka.

Nani mwingine amelaumu mtu bure leo?

Saa mbili usiku taa nyekundu za tela zimeingia uani. Saa tatu, nalala.