Asubuhi mbili bila salfa

Saa moja kasoro robo asubuhi, Alhamisi ya mwezi Julai, mjini Nachingwea. Scholastika Filbert anachota majivu kwenye kopo alilotoka nalo nyumbani, anasimama nyuma ya gereji na kuyaachia hewani. Majivu yanashuka wima hadi miguuni kwake. Hakuna upepo. Anarudi chini ya bati, anakalia ndoo iliyopinduliwa na kuchovya brashi kwenye rangi nyeusi.

Mbele yake ipo Pijo 404 ya zamani, nyeupe ya maziwa, iliyotoka kupigwa rangi na wenzake jana. Kazi iliyobaki ni ndogo kwa kuitazama tu. Mikanda ya nikeli inayopita ubavuni mwa gari ina mfereji mwembamba katikati, na mfereji huo unatakiwa kuwa mweusi. Bila mstari huo nikeli inang'aa tu, jicho halijui litue wapi.

Anajaza mfereji kwa rangi, na rangi inamwagika pande zote mbili mpaka unadhani amekosea. Hana haraka. Midomo inacheza: anasali Salamu Maria tatu. Kisha anachukua kipande cha soli ya ndala kilichovishwa kitambaa cha pamba chenye tone la tina, kiyeyusho cha rangi, anakivuta mara moja tu. Rangi iliyomwagika inaondoka, mstari unabaki.

"Ukisali mbili, rangi yote inatoka. Ukisali nne, imeshang'ang'ania nikeli," anasema. "Na kitambaa kitupu kinazama mferejini. Ndala inapita juu kwa juu."

Mwandishi wa makala haya alijaribu kwenye bampa bovu, akaaibika. Scholastika alimwambia anasali kama mtu aliyeachwa na basi.

Mama huyu mwenye miaka 44, mzaliwa wa Nambambo, hakuanzia kwenye magari. Alikuwa akiandika vibao vya maduka na saluni kwa mkono, hadi mabango ya plastiki ya kuchapishwa yalipoingia na kumnyang'anya wateja. Fundi mmoja aliyeujua mkono wake ndiye aliyemwita amrudishie mistari kwenye Land Rover kuukuu. Leo magari ya zamani humfuata hata kutoka Chunyu, wilayani Ruangwa. Gari moja humpa shilingi elfu hamsini, na mwezi usio na gari huandika namba za bodaboda. Hajidharau kwa hilo, wala hapaswi.

Lakini Pijo hii si gari la kawaida kwake. Ni ya Mzee Kipriani wa Ruponda, dereva mstaafu wa misheni, na Jumapili hii yeye na mkewe Magreti wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Wanataka kwenda kanisani kwa gari hilohilo. Na ni gari hilohilo ambalo Scholastika aliliharibu Julai mwaka jana.

Anayejua Nachingwea anajua Julai ni mwezi wa salfa. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, wakulima hupuliza unga huo wa njano juu ya mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua. Wao wanataka hewa iliyotulia, na Scholastika anataka hewa hiyohiyo. Gereji yenyewe ni nguzo nne na bati, na nyuma yake ni shamba la mikorosho la jirani, Yunusi.

Asubuhi ile ya mwaka jana mashine ya Yunusi ya kupulizia salfa ilinguruma rangi ikiwa mbichi. Unga ukatua juu ya mstari. Badala ya kuacha ukauke atafakari, Scholastika alishika msasa. Rangi ilitoka, na nikeli ikatoka nayo: mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye mlango wa dereva, ambao hapa hakuna wa kuufuta.

"Baba Kipriani hakunigombeza. Angenigombeza ningelala," anasema, na mkono unasimama. "Aliwasha gari, akaenda."

Wiki iliyofuata alipanda bodaboda hadi Ruponda kumwambia mzee kosa ni lake, si la salfa. Magari yalipungua kwa miezi, maana habari ya mkwaruzo ilimtangulia kila gereji. Ndiyo sababu wengi walishangaa mzee aliporudi mwaka huu na kumtaka yeye tu.

"Fundi akisema kosa langu, huyo kaharibu mkanda, hajaharibu gari," anaeleza Mzee Kipriani. "Ningempa nani? Anayesema ni upepo?"

Safari hii Scholastika alianza kwa jirani. Jumatatu alimfuata Yunusi nyumbani, akakuta familia inabangua korosho, akakaa akabangua nao hadi vidole vikaingia weusi wa maganda, ndipo akaomba asubuhi mbili. Yunusi alimkumbusha kuwa ubwiriunga haungoji jubilei ya mtu. Hata hivyo alikubali: Alhamisi na Ijumaa hatapuliza, Jumamosi lazima. Kwa mkulima mwenye maua mtini, hiyo si zawadi ndogo.

Mafuta ya maganda yale ni adui mwingine, kwani kidole chenye mafuta kikigusa nikeli, rangi haishiki. Amesugua mikono kwa majivu siku tatu, na bado leo amevaa glavu.

Saa nne mstari umefika mlango wa dereva. Scholastika anamuuliza mzee, aliyefika kutazama kazi, kama apake rangi juu ya mkwaruzo wa mwaka jana, kuuficha. Mzee anakataa, anasema uachwe hivyohivyo. Scholastika anapiga mstari kando yake, umenyooka, na mkwaruzo unabaki wazi.

Anachotaka sasa ni chumba, matofali mia nne tu na mlango unaofungwa, asimwombe tena mkulima maua yake. Matofali mia na ishirini ameshafyatua.

Jumamosi alfajiri mashine ya Yunusi inanguruma. Mzee Kipriani, aliyekuja kuchukua gari, anatazama wingu la njano likivuka ua na kutua juu ya Pijo, boneti hadi buti. Midomo ya Scholastika inacheza.

Anachovya kitambaa kwenye maji, anakikamua, anakipitisha ubavuni. Kitambaa kinatoka cha njano tupu. Mstari upo, rangi imeshakauka.

"Mwache apulize, baba," anasema, na kumkabidhi mzee funguo.