Mama Mkwe Hapandi Bodaboda

Uvivu wangu ulikomaa nilipohamishiwa masjala. Kabla ya hapo nilikuwa mvivu wa kawaida, kama watu wengi wa ofisi yetu hapa Kilosa. Lakini masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, kilikuwa na kiti chenye magurudumu, na kabla mwezi haujaisha nilikwisha kuwa fundi wa kusukuma ukuta kwa mguu mmoja nikateleza hadi kabati la mwisho bila kunyanyuka. Wakubwa walinisifu. Kila walipochungulia walinikuta mahali pangu, wakadhani ile ni bidii.

Nyumbani kwangu ni Mabwerebwere. Kutoka hapo hadi ofisini ni mwendo ambao watoto wa darasa la kwanza wanautembea kila siku, tena huku wakirushiana mawe. Mimi nilichukuliwa na bodaboda. Dereva alikuwa mmoja tu miaka yote, na alinijua vizuri kiasi kwamba alikuwa akigeuza pikipiki mlangoni ili nisihangaike kuzunguka upande wa pili. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alitoka mapema kwa miguu. Mara kwa mara tulimpita njiani, nami nikampungia mkono.

Kisha ofisi ikatupeleka Mikumi kwa siku tatu, kwenye semina ya magonjwa yanayoletwa na kukaa sana. Tulikaa sana. Tulikaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kila tulipochoka kukaa tuliletewa chai, chapati, sambusa na soda ili tupate nguvu ya kukaa tena. Mwezeshaji alituonyesha ukutani picha ya mtu anayepanda ngazi. Dirishani, nyani waliokuwa wametoka upande wa hifadhi walipanda na kushuka mti mmoja bila kupumzika, wala hawakuwa na cheti cha semina yoyote. Siku ya mwisho alikuja nesi kutupima. Alinipima presha mkono wa kushoto, akanitazama, akanipima mkono wa kulia.

"Kaka, umetoka kukimbia?" akaniuliza.

"Hapana. Nimekaa hapa tangu asubuhi."

"Basi ndiyo shida yenyewe."

Nilirudi Kilosa nikiwa mtu mwingine, kwa muda wa kama wiki tatu. Nilinunua raba na suti ya michezo ya bluu, nikajiunga na kundi la mazoezi la Jumamosi. Kundi lile lilikuwa na fulana, mweka hazina, na wimbo wake. Tulikimbia tukiimba, na kwa kuwa huwezi kuimba na kukimbia kwa wakati mmoja ukiwa na kitambi, tulitembea tukiimba. Mwisho wa safari ulikuwa palepale siku zote: kibanda cha supu ya makongoro. Mbio zilichukua nusu saa, supu ikachukua asubuhi yote iliyobaki. Nilipojipima mwezi ulipoisha, nilikuwa nimeongezeka. Nikaacha. Zile raba nikawa naendea bafuni.

Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Tindiga.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilimwambia asubiri siku ambayo daktari wa macho angefika, na siku hiyo haikuwa na tarehe. Akakaa kwetu. Kukaa nyumba moja na mama mkwe si jambo dogo kwa mwanaume aliyelelewa vizuri. Niliacha kuvaa bukta sebuleni. Niliacha kujilaza kwenye kochi. Nilikuwa nikimsikia anakuja, nasimama wima kama askari, "Shikamoo mama," naye anajibu kwa upole akitazama pembeni kidogo ya pale nilipo, "Marahaba baba." Kwa hesabu yangu, kule kusimama na kukaa peke yake kulishinda mazoezi yote ya kundi la Jumamosi.

Siku ya nne mke wangu alinikuta jikoni nachota maji ya kunywa.

"Mama anasema miguu inamvimba kwa kukaa," akaniambia. "Amezoea kwenda shamba kila siku. Anataka awe anakwenda asubuhi kwa mama mdogo, ng'ambo ya mto, anashinda huko, jioni anarudi."

"Vizuri. Nitamwitia bodaboda."

"Hapandi."

"Kwa nini hapandi?"

"Anasema yeye haoni barabara, na kwa wanavyoendesha anaona nao hawaioni."

Nikanywa maji yangu. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, nani sasa atamsindikiza.

"Mimi saa moja niko darasani," akasema mke wangu. "Wewe je?"

Kulikuwa na tatizo la adabu. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hata kama haoni. Hilo nililitaja haraka sana, nikiwa na matumaini makubwa. Mke wangu akaenda uani akarudi na fimbo ndefu ya kuanikia nguo. Akasema mimi nitangulie nimeshika ncha moja, mama afuate ameshika nyingine.

Asubuhi ya kwanza nilijipanga kutembea polepole, kwa heshima ya umri wake. Hatukufika hata mwisho wa mtaa, fimbo ikanichoma mgongoni. Nikadhani amejikwaa. Nikaongeza mwendo kidogo, ikanichoma tena. Mama mkwe wangu, mwenye wajukuu kumi na moja na macho yasiyoona, alikuwa anatembea kama mtu aliyesikia nguruwe wameingia kwenye mpunga. Mimi mbele, yeye nyuma na fimbo. Nilikuwa sielekezi mtu. Nilikuwa nachungwa.

Kabla ya daraja nikasimama.

"Baba, kuna kitu mbele?" akauliza.

"Hapana mama."

"Naona tumesimama."

"Napumua kidogo, mama."

"Kwani kupumua mpaka usimame?"

Dereva wangu wa bodaboda alitupita siku hiyo mara tatu. Mara ya tatu akapunguza mwendo, akaenda sambamba nami. "Mzee, kwani tumekosana?" akasema kwa sauti ya chini. "Kama kuna neno nimesema, niambie." Nilimpungia mkono tu apite. Pumzi niliyokuwa nayo nilikuwa nimeiwekea matumizi mengine.

Alikuwepo pia mama mmoja mfugaji aliyekuwa akileta maziwa mjini kutoka maboma ya njia ya Rudewa. Tulikutana naye karibu kila siku, dumu kichwani, shingo haitikisiki. Mama mkwe alimjua kwa sauti ya bangili, wakawa marafiki. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuungaunga, kila mmoja akiwa na lugha yake ya nyumbani, lakini walielewana vizuri hasa wakinizungumzia mimi. Siku moja yule mama alinitazama nilivyolowa jasho, akamuuliza mwenzake kwa huruma ya kweli:

"Unampeleka hospitali?"

"Hapana," akasema mama mkwe. "Yeye ndiye ananipeleka mimi."

Wakacheka hadi dumu likataka kuanguka.

Wiki ya tatu kukanyesha. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu, lakini niliisikiliza kitandani nikaona ni ya kutosha. Nikamwambia mke wangu mgongo umenikaza. Akachukua madaftari yake akaondoka. Mama mkwe naye alisema kutoka sebuleni, "Pole baba. Pumzika." Sauti yake haikuwa na neno lolote la ziada. Nikavuta shuka. Usingizi ule ulikuwa mtamu kuliko wote niliowahi kuulala.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Alikuwa dereva wa bodaboda.

"Mzee, bibi yuko darajani peke yake. Kakaa chini, goti linatoka damu. Nimemwambia apande, hataki."

"Njoo unichukue!"

"Nina abiria, mzee, nimeshafika stendi."

Nilitoka nikiwa na msuli na fulana ya ndani, miguuni zile raba bila kufunga kamba. Na nikakimbia. Tangu nimalize shule sikuwa nimekimbia bila wimbo na bila supu mbele yangu. Kilosa, mtu mzima akikimbia asubuhi huwa kuna sababu mbili tu, na watu waliuliza zote. Muuza vitumbua alisimama akashika kichwa, "Jamani, nani kafa?" Kijiweni mtu akapiga kelele, "Mwizi kaenda wapi?" Wanaume wawili wakaunga nyuma yangu bila kujua tunamfukuza nani, nami sikuwa na pumzi ya kuwaeleza. Kifua kilikuwa kinawaka. Lakini sikufikiria kifua. Nilifikiria kwamba kingo za lile daraja upande mmoja zilikuwa zimevunjika, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kila siku, "Mama, hapa tuegemee kulia."

Alikuwa ameketi mwanzoni mwa daraja, juu ya jiwe, fimbo imelala mapajani. Alikuwa amefunga goti kwa ncha ya kanga na damu imepenya. Aliufuata ukingo wa barabara kwa fimbo hadi pale, peke yake, kwenye tope, mpaka alipoteleza. Chini yake mto Mkondoa ulikuwa umejaa maji mekundu. Wale wanaume wawili waliokuwa nyuma yangu walitazama, wakaona hakuna mwizi wala msiba, wakarudi wakinung'unika.

Nilisimama mbele yake natweta. Akageuza uso upande wangu.

"Mgongo unaendeleaje, baba?"

Nimewahi kudanganya wakubwa wangu kazini mambo makubwa zaidi ya mgongo, na sikuona haya. Pale niliona haya hadi masikio yakapata moto.

"Umepona, mama."

"Namshukuru Mungu. Basi twende. Chai ya mdogo wangu itapoa."

Nikamwomba turudi nyumbani tukasafishe goti. Akasema maji ya moto yapo hata kwa mdogo wake. Nikamshika mkono, mkwe na mama mkwe, mbele ya watu wote waliokuwa wakipita darajani, na hakuna aliyesema kitu. Nilimvusha hivyo. Mama mdogo alipotufungulia mlango alinitazama msuli na fulana, akaingia ndani akaniletea shati la marehemu mumewe. Ofisini nilifika saa tatu na nusu nimevaa shati hilo, na kwa mara ya kwanza walinikosa mahali pangu.

Mama mkwe hakumwambia binti yake lolote kuhusu mgongo. Alisema aliteleza, basi. Ningependa angesema. Angesema, ningejitetea. Kwa kuwa hakusema, asubuhi iliyofuata nilikuwa uani kabla yake, nimefunga kamba za raba, nimeshika ncha yangu ya fimbo. Na iliyofuata pia. Watu hunisifu sasa kwamba nilijitambua, nikapata moyo wa mazoezi. Sikupata moyo wowote. Kila asubuhi mwili wangu wote ulisema hapana, kuanzia visigino hadi utosini. Ila niliogopa kuulizwa habari za mgongo.

Jambo la ajabu ni kwamba mwili haukujali kama naenda kwa hiari au kwa hofu. Baada ya muda fimbo ikaacha kunichoma. Nikagundua nimevuka daraja huku nikizungumza. Mama mkwe alinieleza habari za mashamba ya Tindiga, mpunga uliozama, ng'ombe walioingia mahindini na kesi iliyozunguka mpaka ikasahaulika, nami nikamweleza habari za masjala, ambazo zilikuwa fupi. Kwa mama mdogo nami nikawa nawekewa kikombe changu cha chai kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Mkanda wangu ulitaka tundu jipya. Nililitoboa kwa msumari.

Daktari wa macho alifika, mama akafanyiwa upasuaji. Siku walipomfungua bandeji tulikuwa wodini, mke wangu na mimi. Mara ya mwisho kuniona vizuri ilikuwa miaka mingi nyuma, siku ya harusi. Akamtazama binti yake, akatabasamu, machozi yakamtoka. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akarudia.

"Huyu ndiye?" akamuuliza binti yake.

"Ndiye, mama."

"Mbona hivi? Nimemtembeza miezi miwili!"

Nesi aliyekuwa akikunja bandeji alitoka nje, nikamsikia akicheka kwenye korido.

Mama mkwe alirudi Tindiga wakati wa kuvuna. Asubuhi ya kwanza bila yeye nililala hadi saa moja na nusu, nikampigia simu dereva wangu, akaja kwa furaha, akageuza pikipiki kama zamani. Ya pili vilevile. Ya tatu, saa kumi na mbili, mke wangu alinitikisa akanipa simu yake. Alikuwa mama mdogo wa ng'ambo ya mto.

"Shikamoo mama," nikasema, nimeshakaa kitako kitandani.

"Marahaba. Nimekaa siku ya tatu na birika. Unaumwa?"

"Hapana mama."

"Basi chai iko mezani. Na lile shati la mzee, njoo nalo."

Nikatafuta raba.