Mama Gundi na Ukurasa wa Mwisho

Jina la Mama Gundi alipewa na wanakwaya, na halikumuudhi. Aliyeingia sakristia, chumba cha nyuma cha kanisa, siku yoyote ya kazi angemkuta ameinamia meza ndefu, kisufuria cha gundi ya unga wa ngano kando yake, anakiuguza kitabu cha sala kilichotoka matumbo nje. Alivijua vitabu vile kama mama ajuavyo wanawe. Hiki kilinyeshewa, hiki kiling'atwa na panya, hiki kina doa la chai la mzee wa kanisa ambaye mpaka leo anakana.

Shule aliacha darasa la sita. Lakini anayeshona ukurasa hana budi kuutazama, usije ukakaa kichwa chini, na kwa kutazama huko miaka ishirini alikijua kitabu cha sala kuliko waliokisomea. Aliyajua hata yale maandishi madogo ya kulala, yasiyosomwa kwa sauti, yanayomwambia kasisi asimame wapi na afanye nini.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mumewe alitangulia miaka minane iliyopita. Binti yake wa pekee aliolewa mji mwingine, na kila Jumapili jioni alipiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

"Haya. Watoto wanakusalimu."

Simu ikishakatika, Mama Gundi aliendelea kuishikilia sikioni kidogo, pengine binti amekumbuka kitu.

Kwa hiyo siku yake ilikuwa Alhamisi. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi palikuwa na Ushirika Mtakatifu, bila kwaya wala mahubiri. Kasisi anasoma maneno ya herufi nyembamba, watu wanajibu ya herufi nene. Zamani walikuwa tisa. Wengine walihama, wengine uzee uliwafunga miguu, na msimu wa baridi uliopita wakamzika seremala mstaafu, wa mwisho aliyekuwa akijibu pamoja naye. Tangu hapo herufi nene zote zikawa za Mama Gundi. Kasisi anasema, naye anajibu. Naye akijibu, anaambiwa tena. Katika juma zima hakuna mtu mwingine aliyezungumza naye kwa muda mrefu hivyo.

Kilichomkosesha raha ni ukurasa wa mwisho wa ibada ile. Chini kabisa, kwa herufi za kulala, imeandikwa kwamba pasipokuwa na watu watatu wa kushiriki pamoja na kasisi, Ushirika usifanyike. Kasisi mzee aliyestaafu alifumba macho. Huyu mpya, kijana wa juzi tu, si mtu wa kufumba macho. Wakati wa Kwaresima aliwaondolea maua altareni kwa sababu ya mstari mmoja wa herufi za kulala, na akina mama wa maua hawajamsamehe.

Kwanza Mama Gundi alitafuta watu. Alimwendea wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili.

"Saa kumi na mbili na nusu?" wifi alisema, mkasi mkononi. "Hata Mungu hajaamka."

"Mungu halali, wifi."

"Basi mimi si Mungu. Mimi nalala."

"Alhamisi moja tu."

"Leo moja, kesho umenitia kwenye orodha. Nakujua wewe, ukishika kitu hubanduki. Hawakukuita Gundi bure."

Wakacheka wote wawili, na Mama Gundi akarudi peke yake.

Juma lililofuata, kitabu kikubwa cha altare kililetwa mezani kwake, mgongo umeachia. Akakishona, akakipaka, akakivika kitambaa kipya. Alipofika nyuma, ukurasa wa mwisho ulikuwa wazi mbele yake na brashi bado imelowa. Alisikiliza mlangoni. Kisha akaupaka gundi kingo zote nne, akaulaza juu ya karatasi tupu ya jalada, akakandamiza kitabu kwa matofali mawili yaliyofungwa vitambaa.

Alhamisi nne zikapita. Hazikuwa na raha aliyoitarajia, kwa kuwa kila mara kasisi alipofunua karatasi, Mama Gundi alikuwa akivitazama vidole vya kasisi.

Juma la tano kasisi aliingia sakristia na kitabu kwapani. Alikuwa anatafuta sala ya kuwaombea walio safarini, nayo ilikuwa juu ya ukurasa uleule.

"Mama, hapa pameshikana."

"Ni unyevu, Kasisi."

"Unyevu gani huu unaofuata kingo kama rula?"

Mama Gundi alibandika birika jikoni, akaushika ukurasa juu ya mvuke, akaanza kupitisha kisu polepole. Kisu kingeteleza kidogo tu, na maneno yale yangetoka na gundi, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliliona hilo vizuri. Lakini mkono uliozoea kutibu vitabu ulikataa kujeruhi kimoja. Ukurasa ukaachia mzima.

"Sala yako hiyo," alisema. "Na hapa chini usome pia."

Kasisi akasoma. Akarudia.

"Wewe ndiye uliyepagandisha?"

"Mimi."

"Kwa nini, Mama?"

"Tuko wawili, Kasisi. Mimi na wewe."

Kasisi akavuta kiti, akaketi. "Nilidhani ndiyo desturi ya hapa," alisema. "Siwezi kujifanya sijausoma."

"Najua. Ungeweza, nisingehangaika na gundi."

Kasisi alitaka kucheka, akaacha. "Sala ya Asubuhi haidai idadi," alisema mwishowe. "Wala haidai kasisi. Ufunguo unao."

Alhamisi iliyofuata Mama Gundi alifungua mlango mwenyewe, akaketi kwenye benchi lake la siku zote. Herufi nyembamba alizisoma kwa sauti ya chini, maana hazikuwa zake. Kila alipomaliza mstari wa kiongozi alinyamaza kidogo, kama anayempisha mtu mlangoni, kisha akajibu.

Alhamisi ya tatu, akiwa katikati, alisikia hatua nyuma yake. Kasisi alikuwa amefuata mafuta ya kumpaka mgonjwa hospitalini. Mama Gundi hakugeuka. Alisoma mstari wa kiongozi, akanyamaza kama kawaida, na kabla hajafungua kinywa sauti ya kiume ikajibu kutoka mlangoni, maneno yote, bila kusoma popote.

Ulikuwa mstari mmoja tu. Hatua zikaondoka, mlango ukafungwa, kwa sababu mgonjwa hangojeshwi. Mama Gundi alipoteza mahali alipofikia, ingawa utepe wa alama ulikuwa palepale chini ya kidole chake.

Alhamisi ya nne aliweka vitabu viwili kwenye benchi, kimoja upande wa mlango, kimefunguliwa. Akasoma peke yake mpaka mwisho. Kisha akakifunga kile cha pili, akakipapasa mgongo kuona kama ulikuwa bado imara, akakirudisha kabatini.